Bloomsbury, Mtaa wa Waandishi

Kila mwaka vijana wa Afrika ya Mashariki huvuka bahari kwenda kutafuta elimu katika nchi za watu, na wengi wao hufika London. Husoma kwa bidii, hufanya mitihani yao, kisha hurudi na vyeti. Jambo hilo ni jema, wala sina neno juu yake. Lakini mji wenyewe nao ni chuo, tena chuo kisichodai ada. Mwanafunzi aendaye darasani na kurudi chumbani mwake, asitazame kulia wala kushoto, hurudi kwao na nusu tu ya elimu aliyoifuata.

Katika mazungumzo haya nataka kuwatembeza, wasikilizaji wangu, katika mtaa mmoja wa London uitwao Bloomsbury, ambao tangu karne ya 19 umejulikana kuwa makao ya waandishi wa vitabu. Nami nataka tuulize swali moja tu njiani: Ni kitu gani kiufanyacho mtaa kuwa mtaa wa waandishi? Je, ni udongo wake? Ni damu ya watu wake? Au ni mambo ambayo watu wa mji wo wote waweza kuyafanya, wakipenda?

Mimi nilipata nafasi ya kukaa huko nikisomea kazi ya ualimu. Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha London kimo katika mtaa huo huo, karibu na Russell Square. Kilianza mwaka wa 1902 kuwa chuo cha kufundishia walimu wa mji wa London, na mwaka wa 2014 kiliunganishwa na University College London. Siku za Jumamosi, masomo yakiwa yamekwisha, nilikuwa na desturi ya kwenda kwa miguu mchana kutwa, na haya nitakayoyasema ni matunda ya matembezi hayo.

Mtaa huo hauna ukuta wala lango. Upande wa kaskazini umepakana na barabara ya Euston Road, magharibi Tottenham Court Road, mashariki Gray's Inn Road, na kusini High Holborn. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuuvuka kwa muda wa nusu saa. Zamani mahali hapo palikuwa mashamba. Katika miaka ya 1660 bwana mmoja mkubwa, Earl of Southampton, alipima uwanja wa kwanza wa mraba, nao ni Bloomsbury Square. Baadaye ardhi ikaingia mikononi mwa ukoo wa Russell, ambao mkuu wao huitwa Duke of Bedford, na majina yao yamebaki katika viwanja hata leo: Russell Square, Bedford Square, Tavistock Square. Nyumba zimejengwa safu moja, ukuta kwa ukuta, nyembamba na ndefu, na katikati ya kila uwanja pana bustani yenye miti mikubwa.

Nyumba hizo hazikujengwa kwa ajili ya waandishi. Zilijengwa kwa ajili ya mawakili na wafanya biashara wenye mali. Lakini katika karne ya 19 matajiri walianza kuvutwa na mitaa ya magharibi ya mji, wakahama. Nyumba kubwa zikabaki, na wenye nyumba wakazigawanya vyumba vyumba na kuvipangisha. Wakaingia wanafunzi, wachoraji, makarani, wageni kutoka nchi za mbali, na watu waliotaka kuishi kwa kalamu. Mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, alipanga vyumba katika njia ndogo iitwayo Woburn Walk tangu mwaka wa 1895 hata mwaka wa 1919. Majirani zake walikuwa mafundi na watu wa kazi ndogo ndogo. Baadaye, mwaka wa 1923, alipewa Tuzo ya Nobel. Basi jambo la kwanza tumekwisha liona, nalo halina fahari yo yote: mwandishi huhitaji chumba ambacho kodi yake aweza kuilipa.

Sasa na twende Great Russell Street, penye jumba la British Museum. Jumba hili liliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1753, likafunguliwa kwa watu mwaka wa 1759. Wengi huenda huko kutazama mawe ya Misri na sanamu za Wayunani. Lakini mwenye kupenda vitabu huenda moja kwa moja hata katikati ya jumba, mahali palipokuwa ua mtupu, ambapo mwaka wa 1857 kilifunguliwa chumba cha kusomea cha mviringo, chenye kuba ambayo upana wake ni futi 140. Aliyetoa shauri la kukijenga alikuwa Antonio Panizzi, Mwitalia aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya siasa, akafika Uingereza hana kitu, akapanda daraja kwa daraja hata akawa mkuu wa jumba lote. Panizzi alishikilia kwamba mwanafunzi maskini apate nafasi ya kusoma sawa na ile ya tajiri mkubwa kuliko wote katika nchi.

Pima maneno hayo, msikilizaji. Msomaji alileta barua ya kumjulisha, akapewa kadi, na kadi haikulipiwa hata senti. Ndani alipata kiti, meza, joto wakati wa baridi, na vitabu vya dunia nzima vikiletwa mpaka mezani pake. Karl Marx, Mjerumani aliyefukuzwa kwao, alipata kadi yake mwaka wa 1850. Nyumbani kwake palikuwa na dhiki kubwa, na deni la mkate na la nyumba. Lakini katika jumba hili alisoma mwaka baada ya mwaka, na kitabu chake kiitwacho Das Kapital kikatoka mwaka wa 1867. Watu wamebishana juu ya kitabu hicho mpaka leo, na kila mtu na maoni yake. Mimi naonyesha tu mahali kilipotoka.

Tena, mwaka wa 1876 kijana wa Kiireland wa miaka 19, George Bernard Shaw, alifika London. Aliandika hadithi ndefu tano, na wachapishaji wakazikataa moja baada ya moja. Hakuwa na fedha za kwenda chuo kikuu. Basi akakifanya chumba kile kuwa chuo kikuu chake, akaketi humo siku nyingi akijifunza mwenyewe. Mwaka wa 1925 alipata Tuzo ya Nobel. Naye hakusahau: alipofariki mwaka wa 1950 ilionekana kwamba katika wasia wake ameliachia jumba lile sehemu moja katika tatu ya mapato ya vitabu vyake. Jambo la pili, basi, ni maktaba iliyo wazi. Shilingi iliyotumiwa kumpa kijana maskini kiti na taa hurudi, ingawa huchukua miaka 50 kurudi.

Yafaa niseme kwamba chumba kile si maktaba ya taifa tena. Vitabu vilipozidi kuta, maktaba ilihamishwa kwenda jengo jipya la British Library katika Euston Road, na chumba cha mviringo kikafungwa kwa wasomaji mwaka wa 1997. Lakini desturi ya Panizzi ilihamia pamoja na vitabu, maana hata katika jengo jipya kadi ya msomaji hutolewa bure.

Tukitoka hapo na kwenda upande wa kaskazini, kupita majengo ya Chuo Kikuu, twafika Gordon Square. Simama mbele ya nyumba namba 46. Mwaka wa 1904 Leslie Stephen, mwandishi aliyekuwa na sifa kubwa siku zake, alifariki, na watoto wake wanne wakaihama nyumba ya baba yao katika mtaa wa heshima wa Kensington, wakaja kukaa hapa. Jamaa zao walisikitika, maana waliiona Bloomsbury kuwa mahali pasipo na cheo. Wanne hao walikuwa Vanessa, Thoby, Virginia na Adrian. Mwaka wa 1905 Thoby alianza kuwakaribisha rafiki zake wa chuo kila Alhamisi jioni. Walikunywa kakao, walikula maandazi, nao walizungumza hata usiku wa manane juu ya sanaa, juu ya kweli, na juu ya wema, na mtu aliyesema neno bila ya kulifikiri aliulizwa mara moja, ‘Una maana gani?’ Thoby alikufa kwa homa ya matumbo mwaka wa 1906, lakini mazungumzo hayakufa. Katika watu wa mazungumzo hayo walitoka Virginia Woolf, mtunzi wa hadithi. Vanessa Bell, mchoraji. Lytton Strachey, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri. Na John Maynard Keynes, mwanachuoni wa mambo ya uchumi, ambaye baadaye alikaa katika nyumba ile ile mpaka alipofariki mwaka wa 1946.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Jina lake twalijua. Hilo lilikuwa baraza. Nenda Lamu, nenda Mji wa Kale wa Mombasa, utaona viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ili jirani na mgeni wapate mahali pa kukaa na kusema. Mashairi ya kujibizana, ambayo ndiyo fahari ya Kiswahili, yalizaliwa katika mabaraza ya namna hiyo. Mtu alitunga kwa sababu alijua kwamba kesho jioni atasikilizwa, na kesho kutwa atajibiwa. Jambo la tatu, basi, ni baraza: watu wa kusikiliza, wasioogopa kumwambia mtunzi ya kwamba hapa umekosea.

Walakini baraza la Gordon Square lilikuwa na kasoro yake. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Wengi walioingia walikuwa watu wa jamaa moja na chuo kimoja, nao mara nyingine waliwadharau waliokuwa nje. Virginia mwenyewe aliijua habari ya mlango uliofungwa, maana kaka yake Thoby alipelekwa chuo kikuu cha Cambridge, na yeye, kwa kuwa ni mwanamke, alibaki nyumbani akisoma vitabu vya baba yake. Mwaka wa 1929 alitoa kitabu kiitwacho A Room of One's Own, akieleza kwamba mwanamke akitaka kuandika sharti awe na paundi 500 kwa mwaka na chumba chake mwenyewe. Wasomaji wa Kiswahili wakisoma hayo humkumbuka Mwana Kupona, mwanamke wa visiwa vya Pate na Lamu, aliyetunga utendi wake mwaka wa 1858, hali yu mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Twajua kwamba utendi huo umedumu. Hatujui ni tendi ngapi za mama zetu wengine ambazo hazikupata chumba, wala wino, wala mtu wa kuzihifadhi.

Mwendo wa dakika chache upande wa mashariki upo uwanja wa Tavistock Square. Namba 52 ilikuwa nyumba ya Virginia na mume wake, Leonard Woolf, tangu mwaka wa 1924 mpaka mwaka wa 1939. Hawa wawili walinunua mashine ndogo ya mkono ya kupigia chapa mwaka wa 1917, walipokuwa wakikaa Richmond, wakaiweka katika chumba cha kulia, wakajifundisha wenyewe kupanga herufi moja moja. Kampuni yao waliiita Hogarth Press. Mwaka wa 1923 walipiga chapa utenzi mrefu wa T. S. Eliot uitwao The Waste Land, na herufi zake Virginia alizipanga kwa mikono yake. Walipohamia Tavistock Square, kazi ya vitabu ilifanywa katika vyumba vya chini ya nyumba, na Virginia akaandika hadithi zake katika chumba cha nyuma, katikati ya marobota ya vitabu yaliyongoja kupelekwa posta.

Kutoka katika vyumba hivyo yalitoka pia maneno yaliyotuhusu sisi. Mwaka wa 1924 Hogarth Press ilitoa kitabu cha daktari Norman Leys kiitwacho Kenya, kilichoeleza bila ya kuficha taabu waliyopata wenyeji katika habari ya ardhi na kazi. Mwaka wa 1933 ilitoa kijitabu cha C. L. R. James wa Trinidad, kilichodai haki ya watu wa West Indies kujitawala. Na mwaka wa 1934 ilitoa An African Speaks for His People, kitabu cha Parmenas Githendu Mockerie, mwalimu wa shule kutoka nchi ya Wakikuyu, aliyefika Uingereza mwaka wa 1931 pamoja na Jomo Kenyatta ili kupeleka malalamiko ya watu wao. Kenyatta naye, katika miaka hiyo ya 1930, alifanya kazi University College, katika mtaa huo huo, akiwasaidia wachunguzi wa sauti za lugha kujifunza Kikuyu. Nawaomba walimu wenzangu walishike jambo hili. Mwalimu wa shule ya kijijini alisema, na maneno yake yakapigwa chapa, kwa sababu palikuwa na mtu mwenye mashine aliyekuwa tayari kuyasikia. Jambo la nne ni hilo, mtambo wa chapa ambao mwenyewe hauogopi neno jipya.

Nyumba namba 52 haipo tena. Iliangushwa kwa mabomu mwezi wa Oktoba mwaka wa 1940, na mahali pake pamejengwa hoteli. Lakini vitabu vilivyotoka humo vinasomwa hata leo. Bomu lililobomoa ukuta halikuweza kufuta neno lililokwisha ingia katika mikono ya watu elfu.

Katika bustani ya uwanja huo iko sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyowekwa mwaka wa 1968, ameketi chini kama mtu atafakariye. Naye alikuwa mwanafunzi katika London kuanzia mwaka wa 1888, na alihudhuria masomo University College. Mimi nilipenda kukaa mbele ya sanamu hiyo nikala mkate wangu, maana ilinikumbusha kwamba mtaa huu haukuwa wa Waingereza peke yao.

Sasa tushuke upande wa kusini na mashariki. Njiani twapita Coram's Fields. Hapo palikuwa na nyumba ya kulelea watoto waliotupwa na wazazi wao, iliyoanzishwa na nahodha mmoja wa meli, Thomas Coram, kwa hati ya mfalme ya mwaka wa 1739. Watoto walihamishwa mjini mwaka wa 1926, na tangu mwaka wa 1936 kiwanja chake ni mahali pa kuchezea. Penye lango pana amri ambayo sijaiona mahali pengine po pote: mtu mzima haruhusiwi kuingia ila akiletwa na mtoto.

Karibu na hapo ni njia ya Doughty Street, na katika nyumba namba 48 alikaa Charles Dickens tangu mwaka wa 1837 mpaka mwaka wa 1839. Alikuwa kijana wa miaka 25, mwenye mke na mtoto mchanga, naye alilipa kodi ya paundi 80 kwa mwaka. Miaka 13 kabla ya hapo baba yake alifungwa gerezani kwa deni, na yeye, mtoto wa miaka 12, akatiwa katika ghala la rangi ya viatu, kazi yake kubandika karatasi juu ya makopo. Katika nyumba hii alimaliza The Pickwick Papers, akaandika Oliver Twist, habari za mtoto yatima, na Nicholas Nickleby, ambayo ndani yake aliwashambulia wenye shule zilizowatesa watoto.

Mwalimu atauliza: kijana huyu alipataje wasomaji? Jibu ni hili. Pickwick haikuuzwa kwanza kuwa kitabu kikubwa cha bei kubwa. Iliuzwa kipande kipande, mwezi kwa mwezi, na kila kipande bei yake shilingi moja. Karani aliweza kununua, na watumishi wa nyumba waliweza kuchanga fedha, mmoja akasoma na wenziwe wakasikiliza. Hivyo hadithi ilikwenda hata kwa wale wasiojua kusoma. Nyumba ya Dickens imekuwa makumbusho tangu mwaka wa 1925, na meza na viti vyake vimo.

Katika njia hiyo hiyo, namba 47, serikali ya Uingereza ilifungua mwaka wa 1934 nyumba ya wanafunzi wa Kiafrika, ikaiita Aggrey House, kwa jina la Dk. James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huyu ndiye Aggrey aliyezitembelea Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka wa 1924 pamoja na tume ya elimu. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka wa 1940. Lakini kwa muda wa miaka sita kijana wa Kiafrika aliyesoma London aliweza kukaa katika njia ile ile aliyokaa Dickens.

Sasa turudi Russell Square, tumalizie matembezi. Ukitazama kuta za nyumba njiani utaona vibao vya mviringo, vingi vya rangi ya samawati, vyenye jina la mtu na miaka aliyokaa hapo. Desturi hii ilianzishwa katika London mwaka wa 1866, na kibao cha kwanza kiliwekwa mwaka uliofuata kwa ajili ya mshairi Byron. Siku hizi shirika liviwekalo vibao vya samawati ni English Heritage, nalo halimpi mtu kibao mpaka iwe imepita miaka 20 tangu kufa kwake, ili sifa ya siku moja isidanganye watu. Mtoto aendaye shule hupita hapo kila siku na kusoma: fulani alikaa hapa, aliandika. Bila ya kuambiwa na mtu, hujua ya kuwa kuandika ni kazi ya binadamu aliyekuwa na mlango na ngazi kama yeye. Jambo la tano ni hilo, kumbukumbu.

Lakini kumbukumbu iliyonigusa kuliko zote haikuwa juu ya ukuta. Penye pembe ya Russell Square kimesimama chuo cha lugha na mambo ya Asia na Afrika, kiitwacho kwa kifupi SOAS, kilichoanzishwa mwaka wa 1916. Katika maktaba yake zimo hati za Kiswahili, na miongoni mwao karatasi za W. E. Taylor, mtu wa misheni aliyefika Mombasa katika miaka ya 1880. Humo mna mashairi ya Muyaka bin Haji.

Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa, naye alifariki karibu na mwaka wa 1840. Alitunga juu ya vita vya mji wake na Sayyid Said, juu ya mapenzi, juu ya chombo baharini, juu ya rafiki na adui. Alipokufa mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu tu. Yangalipotea kama moshi, kama si mtu mmoja wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyahifadhi moyoni, akayakusanya kwa wazee, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akamweleza Taylor maana yake. Mwaka wa 1940 W. Hichens aliyatoa kwa chapa katika Diwani ya Muyaka, iliyopigwa Johannesburg. Mwaka wa 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu kingine kikubwa juu ya Muyaka, nacho kilipigwa chapa Nairobi.

Nilipofunguliwa karatasi hizo mezani nilikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza lilikuwa shukrani, kwa kuwa zimetunzwa, hazina mchwa wala uvundo. La pili lilikuwa uchungu. Maneno yaliyosemwa barazani Mombasa, mtoto wa Mombasa alipaswa kuvuka bahari ili ayaone katika hati yake ya kwanza. Siku hizi hati nyingi za maktaba hiyo zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, na uchungu umepungua kidogo. Lakini swali limebaki. Taylor aliweza kuandika kwa sababu Sikujua alikuwapo. Leo Sikujua wetu ni nani?

Sasa twaweza kulijibu swali tulilouliza mwanzo. Udongo wa Bloomsbury ni udongo tu. Kilichoufanya kuwa mtaa wa waandishi ni mambo matano: chumba cha kodi nafuu, maktaba iliyo wazi kwa maskini, baraza la wasikilizaji, mtambo wa chapa usioogopa, na kumbukumbu inayotunzwa. Na la kwanza limekwisha ondoka huko. Kodi za Bloomsbury leo ni kubwa mno, na kijana aliye mfano wa Dickens hawezi kupanga Doughty Street. Vibao vya wafu vipo, na walio hai wamehamia kwingine. Mtaa wa waandishi, basi, waweza kuzaliwa, na waweza kufa.

Nasi katika mambo hayo matano hatu maskini kama tudhanivyo. Baraza tunalo tangu kale. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, Unguja mwaka wa 2000 na Lamu mwaka wa 2001, kwa hiyo kuta zao zina watunzaji. Lakini ukuta usiosema ni nani aliyekaa nyuma yake ni nusu ya urithi. Walimu waweza kuanza bila ya kungoja fedha za mtu. Darasa moja laweza kuuliza katika mtaa wake: mtunzi alikaa wapi, ni nani ajuaye tungo zake, ni nani azikumbukaye? Mwanafunzi aweza kwenda kwa bibi yake na daftari, akaandika shairi moja kama lilivyo, na jina la aliyelisema, na tarehe. Shule yaweza kufungua chumba chake cha vitabu saa za jioni kwa kijana asiye na taa nyumbani. Na kibao cha ubao, chenye jina lililoandikwa kwa rangi, hakizidi nguvu ya seremala wa mtaani.

Na wewe kijana uliye ng'ambo, au unayefunga mizigo yako kwenda, wazee wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Soma masomo yako, lakini siku ya mapumziko vaa viatu utembee. Uliza kila nyumba habari zake. Kisha, utakaporudi, uliza habari za nyumba za kwenu kwa bidii ile ile, na mapema, kwa maana wale wazijuao ni wazee, na hawatatungoja.